"Steji ya ngapi?" ni nusu ya swali: aina, gredi na hatua ya saratani zinavyoamua matibabu

Kioo cha Hadubini (mleta uzi):

Mwangaluka wakuu.

Mtu akisikika ana saratani, swali la kwanza mtaani ni "steji ya ngapi?" Jibu likiwa "ya nne", ndugu wanaanza kuchanga nauli ya kumrudisha kijijini. Likiwa "ya kwanza", wanashusha pumzi na matibabu yanasogezwa mpaka mpunga uvunwe. Yote mawili yanaweza kuwa kosa, maana hatua (ndiyo hiyo steji) peke yake haijasema ni saratani gani.

Ziwa letu ni moja, lakini dagaa anavuliwa usiku kwa taa na sangara kwa nyavu ya matundu makubwa. Anayekuambia tu "samaki wapo, mwendo wa saa mbili kwa kasia" hajakuambia ubebe zana gani. Steji ni mwendo. Aina ndiyo samaki mwenyewe.

Tuanze na maneno, maana hapa ndipo watu wanapotezana na daktari.

Aina inatoka maabara, kwenye kinyama kilichokatwa na kusomwa kwa hadubini. Ina sehemu mbili: kiungo ilikoanzia na seli iliyogeuka. Saratani iliyoanzia kwenye titi ikahamia mfupa wa paja bado ni saratani ya titi na inatibiwa kwa dawa za titi. Hakuna cha "sasa imekuwa saratani ya mifupa".

Gredi ni sura ya seli: zinafanana kiasi gani na seli za kawaida za mahali pale. Gredi 1 zinafanana sana na mara nyingi huenda polepole. Gredi 3 zimeharibika na zinagawanyika haraka. Hii ndiyo inayoleta fujo kubwa kuliko zote: karatasi inaandika gredi 3, familia inasoma steji 3. Mtu anaweza kabisa kuwa na gredi 3 hatua ya 1, yaani uvimbe mkali ambao bado haujatoka mahali pake. Huyo ndiye wa kukimbizwa.

Hatua ni umbali ilikofika, na inapimwa kwa herufi tatu. T ni ukubwa au kina cha uvimbe wenyewe, N ni mitoki ya jirani, M ni kama imehamia kiungo cha mbali. Zikijumlishwa ndipo inatoka namba 1 hadi 4, na kila kiungo kina kanuni yake ya kujumlisha. Kwenye titi, T1 ni hadi sentimita 2, T2 ni zaidi ya 2 hadi 5, T3 ni zaidi ya 5. T4 haijali ukubwa: uvimbe ukishatoboa ngozi au kushika ukuta wa kifua ni T4 hata kama ni mdogo kama harage. Kwenye utumbo mpana sentimita hazihesabiwi kabisa. Kinachohesabiwa ni umepenya tabaka la ngapi la ukuta wa utumbo.

La nne halimo kwenye karatasi ya maabara lakini daktari analitazama mgonjwa anapoingia mlangoni: nguvu ya mwili. Kipimo kinaanza 0 (anafanya kazi zake zote) hadi 4 (hatoki kitandani). Watu wawili wenye karatasi zinazofanana, mmoja ametembea mwenyewe kutoka stendi na mwingine amebebwa, hawapewi dawa ileile.

Karibuni kwa maswali. Wenye fani zenu mnisahihishe.

Mayu Nyakato:

Asante mkuu. Swali langu ni moja tu: steji ya nne maana yake haiponi? Maana ndivyo tunavyoambiwa huku.

Sindano ya Jumatatu:

Dada, inategemea aina. Na tofauti yenyewe ni kubwa ajabu.

Chukua mimba ya zabibu (kondo linavimba kama kichala cha zabibu badala ya mimba ya kawaida) iliyogeuka saratani ya kondo. Ikifika kwenye mapafu, picha ya kifua inaonyesha madoa kama mawe yaliyotawanywa, na mtu yeyote akiiona anasema basi tena. Lakini saratani hii huyeyuka kwa dawa. Wanawake hawa hupewa alama kwa kujumlisha umri, kiwango cha homoni ya ujauzito, ukubwa wa uvimbe, ulipohamia na mengineyo. Alama 0 hadi 6 ni hatari ndogo na mara nyingi methotreksati peke yake inatosha. Wanaopona ni karibu wote. Alama 7 na kuendelea wanapewa mchanganyiko wa dawa kadhaa, na bado wengi wanapona. Hatua ya mapafu humaanisha matibabu marefu zaidi, basi.

Saratani ya korodani nayo ni hivyo. Saratani ya mitoki aina ya Hodgkin hatua ya 4 bado inatibiwa kwa nia ya kuponya. Uvimbe wa figo wa watoto uliofika mapafuni, vivyo hivyo.

Upande wa pili kuna saratani ya umio, ambayo ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki unayo nyingi. Chakula huanza kukwama wakati sehemu kubwa ya njia imeshazibwa, kwa hiyo hata anayekuja "mapema" mara nyingi ameshachelewa. Mgonjwa akishindwa kumeza uji, kazi ya kwanza huwa kumfungulia njia kwa kumwekea mrija wa waya ndani ya umio ale. Kongosho ni mbaya zaidi: hatua ya 1 ya kongosho inaogopesha kuliko hatua ya 3 ya saratani nyingi za titi.

Halafu kuna kundi la katikati ambalo watu hawaliongelei: haiponi, lakini inadhibitika na kumwachia mtu miaka. Saratani ya tezi dume iliyoingia mifupani ni mfano mzuri. Inalishwa na homoni ya kiume. Ukiikata homoni hiyo, kwa sindano ya kila mwezi au kila miezi mitatu, au kwa upasuaji mdogo wa kuondoa korodani, mzee aliyekuwa halali kwa maumivu ya mgongo anaweza kurudi shambani ndani ya wiki chache. Upasuaji unafanyika mara moja, sindano ni za maisha. Asiye na uhakika wa kupata sindano kila zinapohitajika ajadiliane na daktari wake kuhusu upasuaji mapema, kabla dozi hazijaanza kurukwa. Tahadhari: mzee huyu miguu ikianza kufa ganzi au kukosa nguvu, au mkojo ukigoma, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Uti wa mgongo unabanwa. Akishapooza kabisa siku mbili tatu, mara nyingi miguu hairudi.

Kayenze Takwimu:

Niongeze kuhusu zile asilimia ambazo watu wanazitoa kwenye simu na kutishana.

"Kuishi miaka 5" haina maana kwamba baada ya miaka 5 mtu anakufa. Ni kipimo tu: kati ya watu 100 waliogunduliwa, wangapi walikuwa hai baada ya miaka 5, wakilinganishwa na watu wa kawaida wa umri wao. Takwimu za Marekani kwa saratani ya titi ni takriban 99 ikiwa bado ndani ya titi, 86 hivi ikiwa imefika mitoki ya kwapa, na 30 hivi ikiwa imehamia mbali. Mlango wa kizazi ni takriban 91, 60 na 19. Sasa angalia mporomoko ulivyo. Kwenye titi, mitoki ya kwapa inapunguza kidogo. Kwenye mlango wa kizazi, kutoka tu nje ya shingo ya kizazi kunakata theluthi nzima.

Namba hizi si za kumbandika mgonjwa wa Sengerema. Ni za watu wa nchi yenye mashine na dawa nyingi kuliko huku. Zinafaa kulinganisha hatua na hatua. Kumtabiria mtu siku zake haziwezi. Na ni wastani wa aina zote zilizochanganywa. Titi lenye vipokezi vya homoni na titi lisilo na kipokezi chochote yote yamo kwenye ile 99.

Kokoto za Mabatini:

Hivyo vipokezi ndiyo nini mkuu? Kuna karatasi zinaandika ER chanya, HER2 hasi, tunaziona kama namba za gari.

Kioo cha Hadubini:

😄 Ni kweli zinafanana.

Seli za saratani ya titi nyingine zina "masikio" ya kusikia homoni. ER (ya estrojeni) na PR (ya projesteroni) ndiyo masikio hayo. Zikiwa chanya, kidonge cha tamoksifeni mg 20 kila siku kwa angalau miaka 5 kinayaziba. Ni dawa ya bei nafuu, na kosa kubwa ni kuiacha mwaka wa pili kwa sababu "nimepona". Aina hii ina tabia ya kurudi hata baada ya miaka 10, ndiyo maana kidonge ni kirefu.

HER2 ni kipokezi cha ukuaji. Maabara inatoa alama 0, 1, 2 au 3. Alama 3 ni chanya na dawa yake ni trastuzumabu, kila wiki 3 kwa mwaka mzima, huku moyo ukipimwa kwa ultrasaundi kila miezi mitatu hivi kwa sababu inaweza kuuchosha. 0 na 1 ni hasi. Alama 2 ni "sijui": inahitaji kipimo kingine cha vinasaba. Ukiona 2, usikubali mtu akuambie chanya au hasi kabla ya hicho kipimo.

Zikiwa hasi zote tatu, vidonge vya homoni havina kazi. Tegemeo kubwa ni dawa za dripu (kemotherapi), upasuaji na mionzi, na hatari kubwa ya kurudi ni miaka 3 ya kwanza. Huyu kliniki yake ya marudio haitakiwi kukosa hata moja.

Ndiyo maana tangu 2018 mfumo wa kupanga hatua za titi umeruhusu gredi na vipokezi kuingia kwenye hesabu. Uvimbe wa sentimita 3 wenye masikio yote na gredi 1 unaweza kushuka hatua. Wa ukubwa uleule usio na kipokezi na gredi 3 unapanda.

Mama wa Kirumba:

Naomba mlango wa kizazi uelezwe vizuri jamani, maana ndio unaotumaliza.

Sindano ya Jumatatu:

Mama, huu una mpaka mmoja ambao ukiuelewa umeelewa karibu kila kitu: upasuaji uko upande huu, mionzi upande ule.

Hatua ya 1 imebaki kwenye shingo yenyewe. Ikiwa ndogo ya kuonekana kwa hadubini tu, kina chini ya milimita 3, inaweza kukatwa kwa umbo la koni na kizazi kikabaki kwa anayetaka watoto. Hadi sentimita 4, ni upasuaji mkubwa wa kuondoa kizazi pamoja na nyama za pembeni na mitoki ya nyonga. Ikizidi hapo, au ikitoka kwenda nyama za pembeni (hatua ya 2B), ukuta wa nyonga au kuziba mrija wa figo (3B), mitoki (3C), hadi kushika kibofu au njia ya haja kubwa (4A), kisu kinawekwa chini. Hapo ni mionzi ya nje, kawaida vipindi 25 hivi, Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na dripu ya sisplatini mara moja kwa wiki, mg 40 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Mama mwenye mita za mraba 1.6 anapata mg 64. Mwishoni inafuata mionzi ya ndani, chanzo kikiwekwa ukeni karibu na uvimbe wenyewe. Bila hiyo ya ndani dozi haitoshi kuua uvimbe, hata mgonjwa ajisikie mzima namna gani.

Yanayoharibika ni haya.

Kizazi kinang'olewa kwa upasuaji wa kawaida "kwa sababu anatoka damu", bila kinyama kupimwa kwanza. Jibu linakuja baadaye kuwa ni saratani. Sasa uvimbe umekatwa katikati, kizazi kilichokuwa kishikilie kifaa cha mionzi ya ndani hakipo, utumbo umeshuka mahali pake na mionzi inauchoma. Mwanamke anayetoka damu baada ya tendo au baada ya kukoma hedhi achunguzwe kwa kuangaliwa na kifaa na kukatwa kinyama kabla mtu hajashika kisu.

La pili ni siku. Mionzi yote, ya nje na ya ndani, inatakiwa imalizike ndani ya wiki 8. Kila siku inayozidi inakadiriwa kupunguza uwezo wa kuumaliza uvimbe kwa asilimia 0.5 hadi 1. Anayetoka Ukara au Kome asipange kwenda na kurudi kila wikiendi. Ziwa likichafuka Jumapili, Jumatatu imepotea. Atafutiwe pa kulala mjini wiki zote, na hilo lipangwe kabla ya siku ya kwanza. Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo pa kuanzia.

La tatu ni damu. Ikishuka chini ya 10 uvimbe unakosa oksijeni na mionzi inapungua nguvu. Aongezwe damu, asisubiri "ale mboga za majani kwanza".

La nne ni figo. Hatua ya 3B mara nyingi mrija umezibwa na figo imejaa maji. Sisplatini inapita kwenye figo hizohizo, kwa hiyo kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) ipimwe kabla ya kila dozi na maji ya dripu yatangulie. Mwenye VVU anayetumia TLD amtajie daktari, kwa sababu tenofoviri iliyomo nayo inagusa figo. Asiache ARV kimyakimya kuficha. VVU si sababu ya kunyimwa tiba ya saratani.

Kokoto za Mabatini:

Kwa hiyo kanuni ni "hakuna kinyama, hakuna tiba". Nimeelewa.

Daktari Asiye na Koti:

Karibu sawa kaka, lakini usiichonge kwenye jiwe. Kuna aina ambazo kukata kinyama ndiyo kosa lenyewe.

Mtoto mwenye jicho linalong'aa kama la paka kwenye picha ya flashi: sindano haichomwi kwenye jicho lile. Ukilitoboa, saratani iliyokuwa imefungiwa ndani ya mpira inapata mlango. Hupimwa kwa kuangaliwa akiwa amelazwa usingizi, pamoja na picha. Jicho likihitaji kutolewa linatolewa zima na kipande kirefu cha mshipa wa fahamu wa jicho, angalau sentimita 1, ili maabara iseme kama ncha ya mwisho ni safi. Ncha isipokuwa safi, hatua imepanda na anahitaji dawa zaidi.

Korodani haichomwi sindano kupitia kwenye mfuko. Inatolewa nzima kupitia kinenani.

Saratani ya kondo haikatwi kinyama, inavuja damu vibaya. Homoni ya ujauzito kwenye damu inatosha: isiposhuka kwa vipimo vinne ndani ya wiki 3, au ikipanda kwa vipimo vitatu ndani ya wiki 2, matibabu yanaanza. Ndiyo maana aliyesafishwa mimba ya zabibu anapimwa kila wiki na anatumia uzazi wa mpango. Akishika mimba nyingine katikati, homoni inapanda na hakuna anayejua ni mtoto au ni ugonjwa.

Figo ya mtoto, uvimbe wa tumbo unaogundulika mama akimwogesha: mara nyingi wanaanza na dawa ya vinkristini kila wiki kwa wiki 4 pamoja na aktinomaisini, ndipo wapasue. Na tumbo lile lisibonyezwebonyezwe na kila shangazi anayepita. Uvimbe ukipasuka ndani unaruka moja kwa moja hatua ya 3, na mionzi inaongezeka kwa mtoto ambaye labda asingeihitaji.

Kioo cha Hadubini:

Nimesahihishwa kihalali. Kanuni basi isomeke: asianzishwe tiba kabla aina haijajulikana kwa njia inayofaa aina hiyo.

Na niongeze moja ya upande mwingine. Mtoki wa shingoni usioisha unachomwa sindano, jibu linakuja "halieleweki", mgonjwa anaanzishwa dawa za TB kwa kubahatisha. Inaweza kuwa TB kweli, iko tele. Lakini saratani ya mitoki haisomeki vizuri kwa maji ya sindano, kwa sababu tunahitaji kuona mpangilio wa seli. Mtoki mzima utolewe, ule mkubwa, na wa shingoni kuliko wa kinenani maana mitoki ya kinenani huvimba hata kwa kidonda cha mguu. Kama ni TB dawa zinaendelea. Kama miezi miwili imepita na mtoki unakua, rudini na uzito na joto la usiku vimeandikwa. Kupungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito ndani ya miezi 6, jasho la kulowesha shuka na homa zinaongeza herufi B kwenye hatua, na inabadilisha urefu wa dozi.

Mvuvi wa Igombe:

Wakuu, kichocho. Sisi wa majini tunaambiwa kinaleta saratani ya kibofu. Ni kweli au ni vitisho vya semina?

Daktari Asiye na Koti:

Ni kweli, lakini si kichocho chochote. Mwambao wenyewe una zaidi kichocho cha tumbo, kinachoharibu ini. Kichocho cha mkojo kiko zaidi bara: mabwawa, malambo na mashamba ya mpunga ya Kwimba, Misungwi na kuelekea Shinyanga. Mayai yake yanabaki kwenye ukuta wa kibofu, ukuta unachubuka na kujikarabati miaka na miaka, ngozi ya ndani inabadilika na kuwa kama ngozi ya nje. Saratani inayotoka hapo ni ya seli bapa. Ni aina tofauti na ile ya wavuta sigara inayotokana na utando wa kawaida wa kibofu.

Tofauti hiyo ina uzito kwenye matibabu. Ile ya utando wa kawaida ikiwa juujuu inakwanguliwa kwa kifaa kinachopita njia ya mkojo, kisha BCG (ile ya chanjo ya TB) inawekwa ndani ya kibofu. Ya seli bapa haisikii BCG, na dawa za dripu zinaigusa kidogo. Mara nyingi ikigundulika imeshaingia kwenye msuli, kwa hiyo tiba kuu ni kukitoa kibofu. Ahueni yake ni kwamba mara nyingi imebaki nyonga na haijaruka mbali, hivyo upasuaji mzuri bado una maana.

Kwenye jibu la kinyama cha kibofu tafuteni sentensi moja: je, msuli umo kwenye kipande? Kama haumo, hakuna anayeweza kusema imeingia au haijaingia. Irudiwe.

Prazikwanteli mg 40 kwa kilo inaua minyoo. Uvimbe haiugusi. Mtu mzima anayekojoa damu akanywa vidonge na damu ikaendelea baada ya wiki chache, apelekwe kibofu kiangaliwe kwa kamera. Asirudishiwe vidonge mara ya tatu.

Mayu Nyakato:

Na wale watoto wa taya kuvimba? Huku wanaanza kung'olewa meno.

Sindano ya Jumatatu:

Hiyo ni Burkitt, iliyopewa jina la daktari aliyeielezea Uganda mwaka 1958. Ni ya ukanda wenye malaria nyingi, ndiyo maana tunayo. Jino linalegea kwa sababu mfupa chini yake umeliwa, sasa ukiling'oa unaacha shimo linalovuja damu.

Ni saratani inayokua haraka kuliko karibu zote: inaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja hadi mbili. Kwa hiyo "njoo kliniki wiki ijayo" ni lugha isiyofaa hapa. Lakini kasi hiyohiyo ndiyo inayoifanya isikie dawa. Haipasuliwi, inapewa saiklofosfamidi na wenzake, pamoja na sindano ya dawa kwenye maji ya uti wa mgongo. Taya moja peke yake ni hatua ya 1. Tumbo lililojaa ni ya 3. Ikifika kwenye uboho au ubongo ni ya 4, na hapo dozi zinaongezwa.

Hatari iko siku za mwanzo. Uvimbe mkubwa ukifa kwa pamoja, taka zake zinaziba figo na potasiamu inapanda hadi moyo unasimama. Alopurinoli na maji mengi ya dripu yasiyo na potasiamu yanatangulia kabla ya dawa, na mkojo unapimwa kwa chombo kila saa chache. Mama aliyepewa jagi apime na aandike kweli. Asikadirie kumfurahisha nesi. Na maji ya madafu au juisi za matunda siku hizo zisiletwe kwa huruma, zina potasiamu.

Kokoto za Mabatini:

Dawa za dripu zenyewe zinaua watu lakini, tusifichane.

Sindano ya Jumatatu:

Hazifichwi. Wanaofia mikononi mwa dawa wengi wanafia kwenye homa iliyodharauliwa. Chembe nyeupe hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Mwili ukifika joto la 38 siku hizo, ni dharura. Huku kwetu kila homa ni malaria, kwa hiyo mtu anapita duka la dawa, ananunua mseto, analala. Asubuhi hayupo. Kipimo cha malaria kifanywe ndiyo, na kikiwa chanya atibiwe malaria, lakini antibayotiki ya mshipa isisubiri jibu. Nunueni kipimajoto, kiandikwe joto asubuhi na jioni, na mgonjwa awe na karatasi inayosema "natumia dawa za saratani, dripu ya mwisho tarehe fulani". Panadol ya kushusha homa kabla ya kupima inaficha moto, nyumba inaendelea kuungua.

Mama wa Kirumba:

Swali la mwisho. Mtu alikuwa hatua ya 3, akapata dawa, uvimbe ukapungua. Sasa yuko hatua ya ngapi?

Kayenze Takwimu:

Bado ni hatua ya 3 mama. Hatua inaandikwa ugonjwa unapogunduliwa na haibadilishwi. Baada ya dawa maabara inaweza kupima upya kilichobaki na kuweka herufi y mbele, kuonyesha kwamba hiki ni kipimo cha baada ya tiba. Ikirudi miaka mitatu baadaye na kukutwa kwenye ini, inaandikwa "hatua ya 3, imerudi, ini". Ndiyo maana mtu anayesema "nilikuwa ya 3, nimeshuka ya 1" amechanganya matokeo ya dawa na hatua.

Kioo cha Hadubini:

Na hapo ndipo karatasi za mwanzo zinapotafutwa na hazipo. Kwa wauguzi wa vituo vya wilaya wanaosoma uzi huu, kinyama kinapoharibikia njiani hakuna daktari bingwa atakayekiokoa.

Fomalini iwe ya asilimia 10: sehemu 1 ya ile ya dukani, sehemu 9 za maji. Ya maabara yenye bafa ni mililita 100 za fomalini, 900 za maji, gramu 4 za fosfeti ya sodiamu yenye sodiamu moja na gramu 6.5 za ile yenye mbili isiyo na maji. Wingi wake uwe mara 10 ya kinyama. Kiwekwe ndani ya saa moja. Isiyochanganywa inakausha nje na ndani kunaoza. Maji ya chumvi ya dripu hayahifadhi chochote. Dawa inapenya takriban milimita 1 kwa saa, kwa hiyo titi zima lichanjwe vipande vya sentimita 1 bila kuvitenganisha. Vipimo vya ER na HER2 vinataka kikae kwenye fomalini saa 6 hadi 72. Kikichelewa wiki kwenye dirisha la zahanati, ER inaweza kutoka hasi ya uongo na mtu akanyimwa kidonge cha miaka 5. Chupa iwe ya mdomo mpana. Kinyama kilichosukumwa kwenye shingo ya chupa ya soda kikiwa laini kinagoma kutoka kikishakakamaa.

Mgonjwa anayehamia Dar aombe bloku ya nta (kinyama chake kilichofungwa ndani ya nta) na vioo vyake vya hadubini pamoja na jibu, kwa sababu kutoka kwenye bloku vipimo vinaweza kuongezwa hata baada ya miaka. Lebo ibandikwe kwenye chupa yenyewe. Ikibandikwa kwenye kifuniko tu, vifuniko vikibadilishana wagonjwa nao wamebadilishana. Na iandikwe kwa penseli. Fomalini ikimwagika njiani, wino wa kalamu unayeyuka na jina linaondoka nao.